Kisanduku cha vidonge cha siku saba, kwa sisi wa dawa za moyo

Mimi ni fundi cherehani hapa Ngamiani, Tanga, na tangu mshipa wa moyo uzibe nimekuwa mtu wa vidonge. Asubuhi nameza aspirini ndogo ya miligramu 75, losatani ya presha, spironolaktoni ya moyo, lasiksi ile ya kukojoza, na kabedilo ya presha na mapigo ya moyo baada ya chai. Jioni kabedilo tena na chakula, usiku atovastatini ya kupunguza mafuta ya damu. Hapo hapo mteja kasimama mlangoni anataka suruali yake ipunguzwe kiuno.

Kisanduku nilichonunua ni cha plastiki. Kina vipande saba vya kuchomoa, kimoja kwa kila siku, na kila kipande kina vyumba vinne: asubuhi, mchana, jioni, usiku. Jumla vyumba 28. Maandishi ya vifuniko yamefutika mapema sana, sasa nimebandika plasta na kuandika kwa kalamu ya wino.

Wengi huvisifu visanduku hivi kwamba vinakumbusha. Hakikumbushi kitu, jamani, kinakaa kimya juu ya kabati. Kukumbushwa kuna simu na kuna adhana. Mimi kilichokuwa kinanisumbua ni lile swali la saa nne asubuhi: nimemeza au sijameza? Jambo ukilifanya kila siku, mkono unalifanya wenyewe na akili haina habari. Na kabedilo si ya kubahatisha. Ukirudia dozi presha inashuka, unainuka kwenye cherehani na nyumba inazunguka. Ukiiacha ghafla mapigo yanaenda mbio. Sasa natazama tu. Chumba kitupu, nimemeza. Kwa hilo peke yake pesa yangu imerudi.

Faida nyingine niliiona nilipoanza kukijaza. Najaza Ijumaa baada ya Alasiri, karibu na dirisha, maana kwa taa ya ndani vidonge vyeupe vyote ni ndugu. Ukijaza wiki nzima kwa mpigo unaona mapema kwamba losatani inaishia Jumatano na kliniki ni wiki ya pili. Kwenye dirisha la dawa la kliniki wakikwambia hii hamna, kanunue nje, bora uambiwe bado una vidonge vya siku tatu kuliko uambiwe chumba kikiwa kitupu.

Lakini kwa mji wetu huu wa joto na unyevu kisanduku kina kasoro, na muuzaji hatakueleza. Aspirini ikikaa nje ya karatasi yake hunyonya unyevu, na ukifungua chumba unasikia harufu ya siki. Ikinuka hivyo imeanza kuharibika, tupa. Siku hizi aspirini naikata na karatasi yake na kuiingiza hivyo hivyo, japo chumba kinabana. Lasiksi nayo haipendi mwanga, na vifuniko vyenyewe vinaonyesha ndani kama chupa ya maji. Nimekishonea mfuko wa bitana nyeusi wenye kamba, kisanduku kizima kinaingia. Kazi ya dakika kumi kwa mwenye cherehani.

Kidonge cha kuweka chini ya ulimi kifua kikibana, nitrogliserini, hakiingii humu hata siku moja. Kinakaa kwenye chupa yake ya kioo, kifuniko kimekazwa, kwa sababu kikiachwa wazi nguvu inapotea. Na chupa iwe mfukoni mwako, isiwe juu ya kabati na kisanduku.

Halafu watoto. Mjukuu wangu wa miaka mitatu alibonyeza vifuniko mbele yangu, ta ta ta, akifurahia rangi. Hakuna kufuli wala cha kumzuia. Nyumba yenye watoto, kiwekwe juu kabisa.

Bawaba ni nyembamba. Kifuniko cha Ijumaa usiku kimeshang'oka, nimekifunga kwa lastiki ya kiuno. Kipande cha siku moja ukikitupa ndani ya mkoba kinafunguka chenyewe, unavisaka vidonge kwenye leso na chenji. Kwenye safari nakizungushia lastiki pia. Siku ya basi ile lasiksi ya asubuhi naiacha ndani ya chumba chake mpaka nifike, maana dereva hasimami kila unapotaka. Hilo nilimuuliza daktari kwanza, akaniambia sawa, ila isifike usiku nikakosa kulala. Na Ramadhani msijipangie wenyewe futari na daku humo ndani. Si kila mgonjwa wa moyo anaruhusiwa kufunga.

Jambo moja muhimu: karatasi za dawa msizitupe zote. Siku nesi akikuuliza unatumia nini, ukimfungulia kisanduku ataona punje nyeupe tu. Mimi nimebandika kipande chenye jina na miligramu cha kila dawa nyuma ya daftari la kliniki.

Muuzaji alianzia elfu kumi na tano, tukaelewana kwa elfu tisa. Mkienda kununua, fungueni na kufunga kila kifuniko pale pale kabla ya kutoa pesa, na chukueni chenye vipande vya kuchomoa. Vile vya chumba kimoja kwa siku ni bei nafuu, ila mwenye dawa za asubuhi na jioni havitamfaa.