Pantoni halina kosa, shida ni lile geti la Feri

Navuka Magogoni–Kigamboni kwa pantoni, hapa Dar, tangu navaa kaptula ya shule, na sijawahi kukaa chini nikaandika malalamiko. Juzi kati yamenifika shingoni.

Nilikuwa natoka kliniki na mama yangu mzazi. Goti linamsumbua, anatembelea mkongojo. Basi la mwendokasi likatushusha kituo cha Kivukoni vizuri tu. Kutoka pale hadi getini, kwa mtu mwenye miguu yake miwili mizima, si mbali. Kwa mama ilikuwa safari: bodaboda zimeziba njia ya waenda kwa miguu, kila hatua kumi anasimama ananishika bega, na benchi la kupumzikia hakuna. Mwaka 2016 tulipewa daraja la Kigamboni na mwendokasi kwa mpigo mmoja, kumbe hiki kipande cha kutoka kituoni hadi kwenye pantoni hakuna aliyekikumbuka!

Sasa njoo getini, saa kumi na moja jioni. Watu wa ng'ambo, Kibada, Mjimwema, Gezaulole, wote wamekutana pale, na wanazidi kila mwaka maana huko ndiko watu wanakojenga. Geti la kupitia linalofanya kazi ni moja tu. Nikamfuata kijana aliyesimama kwenye njia ya pembeni, ile wanayopitishwa wagonjwa. Nikamwomba kwa adabu zote, "Kaka, samahani, naomba mama apite hapa." Hakuinua hata uso kwenye simu. Anamenya karanga, maganda anapuliza chini.

"Kama foleni hamuiwezi, zungukeni darajani."

Zungukeni darajani! Mama wa miaka sabini na ushee, na mkongojo, akazunguke Kurasini ndiyo aje atokee kwake, kisa wewe unamenya karanga? Mama akamjibu, "Haya mwanangu, ahsante." Hiyo ahsante iliniuma kuliko jibu lenyewe.

Geti la ndani likafunguliwa. Mnaovuka pale mnaujua ule mkimbio. Nikambana mama ukutani, nikamkinga kwa mgongo hadi watu wakaisha. Kuangalia chini, mguu mmoja hauna ndala. Ndala ya bluu, imeenda na umati.

Nilipoanza kuandika nilikuwa nimetoa nyota tatu, maana pantoni lenyewe, haki ya Mungu, shilingi 200 unavushwa bahari na upepo juu, utapata wapi? Na mle ndani muuza maji alipoona mama yuko peku akageuza ndoo yake, akamkalisha. Ila nikizikumbuka zile karanga nashusha: moja. Nikiwahi asubuhi kabla ya watu huenda nikapandisha tena, najijua.

Tunaambiwa vivuko vipya, vivuko vipya. Vije, navitaka. Lakini vitatubeba tukishafika, na kufika ndiyo kazi. Ezekeni ile njia ya kutoka kituo cha basi, ondoeni bodaboda, jioni fungueni mageti yote. Na njia ya wazee mpeni mtu aliyezaliwa na mama.

Kliniki nyingine ni mwezi ujao. Nimemwambia mama nitakodi bajaji tupite darajani. Kakataa katakata. Darajani, anasema, hakuna upepo.

Nimemnunulia raba za kufunga kamba.