Kuandika skripti ya filamu: saa moja kila alfajiri au Jumamosi nzima?

Ukurasa mmoja wa skripti, kwa fonti ya Courier saizi 12, ni takriban dakika moja ya filamu. Filamu ya dakika 90 inataka kurasa 90.

Ukiandika ukurasa mmoja kila alfajiri, siku tano kwa wiki, rasimu inaisha wiki ya 18. Kurasa tano kila Jumamosi, hesabu ni ileile. Ila harusi au msiba mmoja wa Jumamosi unakula kurasa za wiki nzima, na nusu saa ya kwanza inapotelea kusoma ulipoishia. Alfajiri nayo huharibika ukigusa WhatsApp: mteja unayemwandikia makala kashatuma masahihisho!

Rasimu ya kwanza, alfajiri bila ubishi. Jumamosi ibaki ya kutandaza kadi za matukio (kila kadi tukio moja la filamu) sakafuni na kuzipanga upya. Kwa hilo, saa moja haitoshi.