Koini za zamani za silva: zipi ununue kwanza Kisumu, Kakamega na Nakuru

Kama unatafuta koini za zamani huku kwetu, sahau kung'aa na kichwa cha mfalme, angalia mwaka na uzito. Wauzaji wengi si wakora, wanauza tu kile kilitoka kwa sanduku la kukhu (nyanya) na kwao kila kitu kiko na sura ya mzungu ni silva.

Hesabu yenyewe si ngumu. Aunsi moja ya silva ni gramu 31.1, cheki bei ya siku hiyo kwa simu, igeuze iwe shilingi, halafu piga kwa gramu za silva tupu ziko ndani ya koini. Mimi hapa natumia 4,000 kwa aunsi kama mfano tu, bei haikai mahali pamoja.

Namba moja ni rupia ya India, hakuna ubishi. Reli ilifika Kisumu 1901 na rupia ndio ilikuwa pesa ya huku mpaka 1920, ndio maana bado zinatokatoka kwa nyumba za wazee. Ina gramu 11.66 na silva asilimia 91.7, kwa hivyo silva tupu ni kama gramu 10.7, kwa ile bei yetu ya mfano hapo ni kama 1,375. Chukua zenye kichwa cha malkia Victoria kuanzia 1862, za mfalme Edward, na za mfalme George wa 5 mpaka 1936. Za 1940 mpaka 1945 silva ni nusu tu, na za 1947 ni nikeli, hizo mwachie. Angalia pia kama imewahi kuchomelewa kishikio, watu walikuwa wanazivaa shingoni, na ile risasi ya kuchomelea iko ndani ya uzito unaolipia.

Rupia ndio inaigwa sana pia. Ukiona imeandikwa East India Company, mwaka 1818, na picha ya miungu ya Kihindi, hiyo haikuwahi kuwa pesa, hata kama muuzaji anataka laki. Kupima zingine nunua mizani ndogo ya kusoma mpaka 0.01, kama ile wanunuzi wa dhahabu wa Kakamega wako nayo. Weka glasi ya maji juu yake, ifanye isome sufuri, funga koini na uzi mwembamba uiteremshe ndani ya maji bila kugusa chini wala kando. Rupia ya ukweli itasoma karibu 1.1. Kama uzito wake mkavu ni sawa lakini kwa maji inasoma 1.3 kwenda juu, hiyo ni shaba iliyopakwa.

Namba mbili, senti 50 za East Africa and Uganda Protectorates, kuanzia 1906. Silva asilimia 80, gramu 5.83, kama bob 600 kwa mfano wetu, na senti 25 ni nusu ya hiyo. Hazipatikani ovyo. Usichanganye na zile za tundu katikati, hizo hazina silva hata kidogo, na zile stori za ati senti ya tundu inauzwa milioni wachana nazo kabisa.

Namba tatu ni shilingi ya simba ya East Africa, na hapa ndio watu wanauziwa hewa. Za 1921 mpaka 1925 na za 1937 mpaka 1946 zina silva asilimia 25, kwa hivyo unahitaji 16 ndio upate aunsi moja, yaani kama 250 kila moja. Kuanzia 1948 mpaka 1952 ni shaba na nikeli tupu, na simba ni yule yule, George wa 6 ni yule yule, ukubwa sawa, uzito sawa. Mizani haikusaidii, sumaku nayo hainasi yoyote kati ya hizo, tegemea mwaka, so kama mwaka umefutika usinunue. Hata za silva sonara hatakupa bei kamili juu kuisafisha silva ya asilimia 25 ni gharama, mimi singepita nusu ya thamani ya madini. Rupia naweza fika asilimia 80. Florini ya 1920, koini ya East Africa iliyotoka kabla ya shilingi, iko na silva nusu, ukiipata safi muuzie mkusanyaji, usiyeyushe.

Ya mwisho ni thaler ya Maria Theresa, koini kubwa ya silva ya Austria. Ni nzito, gramu 28, silva asilimia 83.3, kama 3,000 hivi, lakini karibu zote zimeandikwa 1780 hata zile zilitengenezwa miaka mia na kitu baadaye, kwa hivyo lipa madini pekee, uzee usiulipie.

Soko la Kibuye, Kisumu, siku ya Jumapili nenda mapema na usioneshe haraka. Na usisugue koini na dawa ya meno ama majivu, kwa sonara haibadilishi kitu lakini mkusanyaji ataikataa. Kingine, sheria ya makumbusho ya 2006 inahesabu vitu vya kabla ya 1895 kama vya kale, kufanya biashara navyo inataka leseni na kuvitoa nchini inataka kibali, kwa hivyo rupia za Victoria usizitume nje kienyeji, na yule wa mtandaoni anataka umtumie M-Pesa kabla hujashika koini mkononi mpite tu.