KanaPlex ya Seachem kwa mapezi ya samaki-klauni: nzuri, ila si kwa kila jeraha

Kichupa cha gramu 5 huja na unga mweupe na kijiko cha kupimia. Ndani ni kanamaisini, antibiotiki, kwa hiyo kabla ya kukifungua mmulike samaki kwa tochi. Pezi likiwa limechanika kingo safi, rangi yake ile ile, jike amemng'ata dume. Kwenye jozi ya klauni jike ndiye mkubwa, na dume asiyetetemeka mbele yake kuonyesha utiifu anakiona. Hapo usipoteze dawa: mtenge dume kwenye kisanduku chenye matundu humo humo tangini, badili maji asilimia 20. Pezi huota tena ikiwa shina halijaliwa.

Ukingo ukiwa mweupe au mwekundu na pezi linapungua kila kukicha, shuku bakteria. Hapa ndipo KanaPlex inapolipa. Mhamishie kwenye beseni la lita 40 lenye pampu ya hewa, bila anemoni (kiumbe cha baharini ambamo klauni hujificha) wala kaboni ya kichujio, maana kaboni huifyonza dawa. Kijiko kimoja kwa lita 20, rudia kila baada ya siku 2, mwisho dozi 3. Pima amonia, sumu itokanayo na uchafu wa samaki, kila siku. Maji ya kubadilishia, ukichota ufukweni Nyali, Mombasa, yachote bahari ikijaa, kamwe si baada ya mvua kubwa.

Kasoro yake? Haiui vimelea. Ute mzito mwilini pamoja na kuhema kwa kasi huenda ni ugonjwa wa kimelea Brooklynella, na huo unataka dawa ya formalini haraka.