Kofia ya mwanga ya kutafuta chanzo cha kifafa: je, inafaa kliniki za Nairobi?

Kofia hii haichomi wala haitoi mnururisho wa eksirei. Taa zake hupitisha kwenye fuvu mwanga wenye urefu wa mawimbi wa nanomita 760 na 850, na vipokezi vilivyo umbali wa sentimita 3 kutoka kwenye taa husoma mabadiliko ya oksijeni katika damu pale degedege linapoanzia. Mtoto anaweza kuketi na kusogea kidogo, jambo ambalo MRI (mashine ya kupiga picha za ubongo kwa sumaku) hairuhusu. Kwa hilo tu tunaithamini sana.

Shughuli iko kwenye nywele. Nywele nyeusi nzito hufyonza mwanga, na mistari au rasta huzuia kipokezi kugusa ngozi. Mgonjwa aambiwe mapema afumue, aoshe, asipake mafuta. Fundi naye atenganishe nywele chini ya kila kipokezi kwa kijiti butu, bila haraka, la sivyo atarekodi kelele tupu. Chagua kofia yenye vipokezi vya ziada vilivyo milimita 8 tu kutoka kwenye taa: hivyo husoma damu ya ngozi ya kichwa ili iondolewe kwenye hesabu.

Kasoro kubwa ni kina. Mwanga husoma gamba la juu la ubongo na haufiki hipokampasi, sehemu iliyo ndani kabisa ya ubongo, ambako kifafa kingi kinachopelekwa kwa upasuaji huanzia. Tena damu huchelewa sekunde kadhaa nyuma ya umeme wa neva, kwa hiyo ivaliwe pamoja na elektrodi za EEG, kipimo cha umeme wa ubongo. Kliniki isiyo na EEG ya video (EEG inayorekodiwa pamoja na picha za mgonjwa) inunue hiyo kwanza.