Deià, Mallorca: usipite tu, lala hukohuko

Nilimpeleka mama Deià mwezi wa nne, tukakaa siku mbili, na tangu turudi naulizwa kama panafaa. Panafaa sana, ila usiende kwa kupita tu. Lala huko.

Kijiji kiko kaskazini-magharibi mwa kisiwa cha Mallorca, Hispania, katikati ya milima ya Serra de Tramuntana. Kutoka Palma tulipanda basi linalopitia Valldemossa, na kuanzia hapo ni kona juu ya kona, mlima kulia, bahari chini kushoto. Anayechafukwa na tumbo garini akae mbele. Basi la kwanza lilikuja limejaa likatupita, tukangoja juani karibu saa nzima, kwa hiyo wahini asubuhi.

Mchana hapana utulivu. Barabara kubwa ni moja tu, nyembamba, magari yanapishana kwa shida na watu wanapiga picha katikati ya njia. Jioni wageni wa siku moja wakishaondoka, unasikia kengele za kondoo mizeituni ilipo, na Deià yenyewe ndipo inapoanza. Bei lakini ni kali, za vyumba na za chakula. Sisi tulijishibisha kwa pa amb oli: mkate uliosuguliwa nyanya, ukamwagiwa mafuta ya zeituni na kunyunyiziwa chumvi. Mama aliuomba tena kesho yake.

Kilichomshika mama zaidi ni mashamba. Miteremko imekatwa ngazi kwa ngazi, na kila ngazi inashikiliwa na ukuta wa mawe yaliyopangwa makavu, bila saruji. Yeye amelima Lushoto maisha yake yote, mashamba ya mteremkoni anayajua. Alisimama, akaingiza vidole kati ya mawe kutafuta kilichoyashika, asikione. "Mwanangu," akasema, "hapa watu wamevunjika migongo." Na ni kweli: milima hii iliingia kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2011 kwa sababu ya kazi hiyo ya mikono, kuta na mifereji ya maji iliyojengwa kwa karne nyingi.

Njia ya miguu ya kushuka ufukweni, Cala Deià, inapita katikati ya mizeituni hiyo. Mimi nilishuka peke yangu kwa kama nusu saa; magoti ya mama yasingeweza kurudi. Ufuko ni wa mawe, vaa viatu. Maji yake ni meupe, unaona kila jiwe chini.

Sasa nyumba ya Robert Graves, Ca n'Alluny. Mshairi huyu Mwingereza alikuja Deià mwaka 1929 pamoja na mshairi Laura Riding, na nyumba ikajengwa 1932. Humo ndimo alimoandika "I, Claudius", riwaya iliyotoka 1934 na kumpatia fedha alizozihitaji mno. Mwaka 1936 vita vya wenyewe kwa wenyewe vikazuka Hispania, wakalazimika kuondoka haraka na vitu vichache. Alirudi 1946, miaka kumi baadaye, akakuta nyumba na vitu vyake vimetunzwa. Habari hiyo niliirudia kichwani siku nzima. Majirani walikuwa na njaa na hofu yao wenyewe, na bado nyumba ya mgeni ikabaki salama. Tangu 2006 ni makumbusho, na ukiingia unajisikia umekaribishwa kwa mtu: jiko, meza ya kuandikia, bustani ya malimau. Tenga saa mbili, usiharakishe.

Kisha panda hadi kanisa la Sant Joan Baptista, juu kabisa. Ngazi ni kali, sisi tulipumzika mara tatu. Kwenye makaburi madogo pembeni ya kanisa utalitafuta kaburi la Graves, kwa sababu hakuna sanamu wala marumaru: ni bamba la saruji tu, na maandishi yamechorwa kwa mkono saruji ikiwa bado mbichi, herufi zimepinda kidogo. Robert Graves, Poeta, kisha tarehe za kuzaliwa na kufa, 1895 na 1985. Mama aliniuliza maana ya neno la tatu. Nikamwambia: mshairi. Akainama, akafagia majani makavu juu ya bamba kwa kiganja, kama anavyofanya kwa babu kila tukienda nyumbani.