Mkusanyo wa hadithi za Kipunjabi: neno moja limeua hadithi nzima

Nimeumaliza juzi juzi, kitabu cha kusomea simuni, hadithi fupi za Kipunjabi kwa Kiingereza, na hasira haijanitoka. Nilikifuata kwa hadithi moja: ya mjane mwenye shamba na siri wake. Siri hapa si jambo la kufichwa. Ni kibarua wa shamba aliyefungwa kwa mkataba wa mwaka mzima, hulipwa fungu la mavuno, na mara nyingi ameshatanguliziwa pesa ambayo ni deni. Nyota moja.

Kipunjabi kina "wewe" mbili. "Tu" ni ya mtoto, rafiki wa damu, Mungu, na mtumishi. "Tusi" (si matusi yetu) ni ya heshima, na kitenzi nacho hugeuka: pi lai ukimwamrisha mtumishi anywe, pi lao ukimkaribisha mkubwa. Mwenye shamba humwambia siri "tu" hata kama siri ana umri wa baba yake. Siri hujibu "tusi", na "ji", kijineno cha heshima, juu yake. Na mke, kwa desturi ya vijijini, humwita mumewe "tusi", na jina la mume halitaji.

Sasa fungua ukurasa wenyewe. Toka mwanzo bibi, yule mjane, anamrushia siri wake "tu". Kikombe cha siri kinakaa kwenye kishubaka nje ya ukuta wa jiko, hakiguswi na vyombo vya nyumbani, kwa kuwa bibi ni Jat, tabaka la wakulima wenye ardhi, na siri ni wa tabaka la chini. Usiku wa mavuno ya ngano anamtolea lasi, kinywaji cha mtindi, ndani ya gilasi ya shaba ya nyumbani, anasema: pi lao. Basi. Hawagusani, hakuna chozi. Kwa irabu moja amemfanya mume! Mtafsiri kaandika amri ileile ya kunywa aliyoiandika kurasa za mwanzo, na msomaji anapita kama hakuna kilichotokea.

Kiingereza kuwa na "wewe" moja si udhuru. Angeziacha "tu", "tusi" na "ji" zilivyo toka ukurasa wa kwanza, msomaji azizoee, kisha zimpige pale. Sisi nasi tuna "wewe" moja, lakini "we, kunywa" na "karibu unywe" hakuna mtoto wa Kiswahili asiyesikia umbali wake.

Na siri kaitwa "mtumishi" basi, kwa hiyo mwisho haueleweki: kwa nini hawatoroki? Kwa sababu ya deni. Akiondoka kabla mwaka haujaisha, ndugu zake ndio watakaobishiwa hodi.

Ila nyota moja ni uonevu. Aliyechagua hadithi anaijua Malwa, upande wa kusini wa Punjab, na mambo ya jikoni yako sawa, mpaka hara, lile jiko la udongo la kuchemshia maziwa polepole kwa mavi makavu ya ng'ombe. Tatu, basi. Anayetaka maisha ya siri kwa kina aanze na riwaya Marhi da Diva ya Gurdial Singh, ya 1964. Jagseer wa humo ni siri.

Lakini nikirudi kwenye ile gilasi ya shaba, hapana. Mbili. Na zote mbili ni za aliyechagua, mtafsiri hana yake.